Haiku za Kiingereza: nitajuaje kama picha mbili zimekutana kweli au nimezitupa tu pamoja?

Kalamu_Fupi:

Wakuu, habari za jioni. Najua humu wengi ni watu wa vina na mizani, ila nimeona mara kadhaa mtu akigusia haiku, yale mashairi mafupi yenye asili ya Kijapani, kwa hiyo naleta langu jamvini.

Naandika haiku kwa Kiingereza, zile fupi za siku hizi ambazo waandishi wengi hawahesabu tena silabi 5-7-5 kwa mistari mitatu. Kanuni ya msingi naijua: unaweka picha mbili, kati yake unaacha mkato, msomaji anavuka mwenyewe. Tatizo langu liko kwenye huo mvuko. Nilituma haiku kadhaa kwa jarida fulani, zote zikarudi, lakini mhariri alikuwa muungwana akanipa neno juu ya mbili. Nawawekea maana yake kwa Kiswahili. Ya kwanza:

majani yanapukutika—
nywele za mama
kwenye kitana

Akasema inatabirika. Iliniuma, maana mama ni mama, lakini nilielewa. Basi nikajisemea, kama wanataka kushtuliwa, nitawashtua. Ya pili ndiyo hii:

kifaru wa plastiki
fomu ya kodi
mwezi mpevu

Hii akasema haishikani.

Sasa nimekwama. Nikizisogeza picha karibu, inatabirika. Nikizitenga, haishikani. Rafiki yangu mmoja ananiambia "tafuta katikati", nami namuuliza katikati ya nini na nini? Nimesoma haiku za Kiingereza zilizoshinda tuzo ambazo picha zake ziko mbali kuliko kifaru wangu na fomu yake, na bado zinanikamata shingoni. Nyingine nazisoma naona mtu kafungua kamusi kurasa mbili tofauti, na zimechapishwa pia.

Naomba mwenye uzoefu anieleze kwa mifano: ni kitu gani kinafanya mgongano usiotarajiwa ukubalike? Na tafadhali mtu asiniambie "utahisi tu". Kifaru nilimhisi sana.

---

Mzee_wa_Vina:

Nimeisoma ya kifaru mara mbili nikitafuta kituo chake. Vina hamna, mizani hamna, na sasa naona hata maana ni hiari.

Lakini kijana, nikuulize swali la kweli, sikutanii. Kwa nini ziwe picha mbili? Hiyo ya kitana ukiondoa majani, ukabaki na nywele za mama kwenye kitana, mimi tayari nimeshaguswa. Majani yamekuja kufanya nini?

---

Kereng'ende:

Kalamu_Fupi, mhariri wako alikuwa sahihi mara zote mbili, na ushauri wa rafiki yako utupe.

Niseme kwanza ninakotokea. Huwa nasoma haiku zinazotumwa kwa jarida dogo la mtandaoni la Kiingereza kabla hazijamfikia mhariri. Kazi yangu ni kupunguza rundo. Kwa hiyo nitakayosema hapa ni maneno ya mtu aliyesoma "mwezi wa vuli" (autumn moon) mpaka akauchukia mwezi wenyewe.

Mzee wa Vina kauliza swali lililo mzizi wa yote. Zipo haiku za picha moja, Wajapani wanazo tangu zamani, na baadhi ni nzuri ajabu. Ila ukiweka mbili, lazima kitokee kitu cha tatu ambacho hakimo katika ya kwanza wala ya pili. Kisipotokea, mzee ana haki: futa moja ulale. Mfano ninaourudia kila mara ni huu wa Bashō, mshairi mkuu wa haiku wa Kijapani, wa mwaka 1694, mwaka aliofariki, akiwa Nara siku ya sikukuu ya krisanthemu:

harufu ya krisanthemu—
katika Nara
Buddha wa kale wengi

Ua na sanamu. Havifanani umbo, havifanani rangi, kimoja hakifanyi kitu kwa kingine. Bashō hakusema ua ni kama sanamu. Lakini ile harufu haina utamu mwingi, imetulia, ina uzee ndani yake, na sanamu nazo zimekaa karne nyingi katika mji uliokuwa makao makuu ya nchi zamani na sasa si makao makuu tena. Vinakutana kwenye hali. Wanafunzi wa Bashō walikuwa na jina la uunganishaji wa namna hii, nioi, yaani sehemu moja inanukia ndani ya nyingine.

Sasa rudi kwa majani na nywele. Jani linadondoka, unywele unadondoka. Tendo kwa tendo, umbo kwa umbo. Ni tashbihi iliyoondolewa neno "kama". Msomaji akifika kwenye kitana, wewe umeshamvusha, umembeba mgongoni, hana alichobakiwa nacho. Ni sawa na mtu anayecheka utani wake mwenyewe kabla wenzake hawajaupata.

Kifaru ni ugonjwa mwingine kabisa, na hapa ndipo ushauri wa "katikati" unapokupoteza, kwa sababu unakufanya udhani kuna rula moja: mwisho huu karibu, mwisho ule mbali, nawe utafute sentimita ya kusimama. Vipimo ni viwili. Mwaka 1918 mshairi Mfaransa Pierre Reverdy aliandika kwamba picha huwa na nguvu kadiri vitu viwili vinavyokutanishwa vinavyokuwa mbali, na kadiri uhusiano wao unavyokuwa sahihi. Mbali, na sahihi. Wasurealisti, wale washairi wa ndoto na mambo yasiyofuata mantiki, walimpenda sana, kiongozi wao André Breton akamnukuu katika ilani yake ya 1924, na tangu hapo naona watu wengi wanashika nusu ya kwanza wanaiacha ya pili. Majani yako ni sahihi lakini hayako mbali. Kifaru yuko mbali lakini si sahihi. Ukichanganya hizo mbili nusu kwa nusu hupati haiku, unapata kifaru anayepukutika.

Utaujuaje usahihi? Jaribio langu ni la kikatili: badilisha. Kifaru mfanye kiboko. Fomu ya kodi ifanye tiketi ya treni. Mwezi mpevu ufanye nyota. Umesikia chochote kikilia? Hakuna. Kama sehemu inaweza kubadilishwa na chochote, basi haikuwekwa hapo, imeangukia tu.

Na jaribio hilo si la kwangu, ni la zamani. Mwanafunzi wa Bashō aliyeitwa Bonchō alikuwa na shairi lisilo na mwanzo. Alikuwa na "theluji imerundikana, na juu yake mvua ya usiku", akakosa kipande cha kwanza. Wakajaribu hiki na kile, hatimaye Bashō akaamua: Shimogyō, yaani upande wa chini wa Kyoto, mitaa ya wafanyabiashara na watu wa kawaida. Bonchō akaitikia, ila ilionekana moyoni hajaridhika. Bashō akamwambia kama kuna kipande kingine kinachofaa zaidi ya hicho, yeye hatazungumzia tena ushairi huu maisha yake yote. Habari hii imo katika maandishi ya Kyorai, mwanafunzi mwingine wa Bashō, na shairi lenyewe lilichapishwa 1691 katika mkusanyiko wa Sarumino. Mimi napenda kwamba Bonchō hakuridhika. Hata mbele ya mwalimu mkubwa kuliko wote mtu alibaki anajiuliza: kwa nini hapo na si kwingine? Jibu ninaloliona: chini ya theluji na mvua ile kuna mitaa iliyojaa watu, maduka, mioto ya jikoni, na vyote vimenyamazishwa. Ungeweka mlima, ingekuwa theluji juu ya mlima tu. Ungeweka hekalu, ingekuwa picha ya ukutani.

Kwa upande wa Kiingereza hadithi huanza na mshairi Mmarekani Ezra Pound, na yeye pia ana somo hapa. Alitoka kwenye treni ya chini ya ardhi huko Paris, kituo cha Concorde, akaona nyuso nzuri moja baada ya nyingine. Aliandika shairi la mistari thelathini, akaliharibu. Baadaye la nusu ya hapo. Mwishowe likabaki la mistari miwili, likachapishwa 1913 kwa jina "In a Station of the Metro", yaani katika kituo cha treni ya chini ya ardhi: nyuso zinazotokeza katika umati, na petali juu ya tawi jeusi lililolowa. Watu hutaja nyuso na petali wanasahau kwamba zile ziko karibu kabisa, washairi wamefananisha nyuso na maua tangu enzi na enzi. Umbali upo kwenye jina la shairi. Jina linatuambia tuko kituoni, chini ya ardhi, kwenye chuma na kelele. Futa jina, shairi linakuwa kadi ya salamu.

Na mwisho, onyo, maana naona unakoelekea. Ukichoka kukataliwa utaingia kwenye fomula, na fomula ya haiku za Kiingereza za leo ni hii: mstari mmoja wa msimu, kisha mistari miwili ya huzuni ya nyumbani. Mvua ya vuli, halafu koti la baba. Theluji ya kwanza, halafu majibu ya hospitali. Zamani lilikuwa jambo la kushtua kweli, kuuweka msimu kando ya daktari bila kueleza. Sasa hivi nikisoma "theluji ya kwanza" najua kuna mtu amekufa mstari wa tatu. Mgongano usiotarajiwa umekuwa ndio unaotarajiwa kuliko yote, na majarida, langu likiwemo, bado yanazichapisha kwa sababu zimeandikwa safi.

Nimeandika mno. Nenda kabadilishe mstari wa kwanza wa kitana. Nywele ziache, mzee kasema kweli, nywele zina nguvu.

---

Msafiri_Taratibu:

Dada Kereng'ende, nimejifunza mengi ila hapo kwenye "badilisha mstari" nakupinga. Haiku si ya kutungwa mezani. Chama cha Haiku cha Marekani, ambacho kipo tangu 1968, katika maelezo yake ya 2004 kinasema ni shairi fupi linalotoa kiini cha tajriba ya maumbile au msimu, iliyofungamana kwa hisia na hali ya binadamu. Tajriba! Kama majani yalikuwa yanapukutika siku ile alipoona kitana, basi ndivyo ilivyokuwa. Akichomeka kitu kingine kwa sababu kinashtua, huo si uongo? Tutajuaje tofauti kati ya haiku na ujanja?

---

Kereng'ende:

Ndugu Msafiri, hoja hiyo naiheshimu, na najua ilikotoka. Vitabu vinne vya Mwingereza R. H. Blyth, vilivyotoka kati ya 1949 na 1952, ndivyo vilivyowafundisha Wamarekani na Waingereza wengi haiku, na Blyth alizitazama kwa jicho la Ubuddha wa Zen: unaona, unazinduka, unaandika. Kizazi kizima kikaamini kwamba mshairi wa haiku ni shahidi mahakamani.

Lakini msome Buson, Mjapani mwingine mkubwa wa haiku aliyekuja baada ya Bashō:

baridi inapenya mwilini—
kitana cha marehemu mke wangu
nakikanyaga chumbani

Tazama, na chenyewe ni kitana, Kalamu_Fupi, kwa hiyo ujue uko kwenye njia yenye nyayo. Shairi hili linamtoa mtu machozi. Na mke wa Buson alikuwa mzima alipoliandika, tena aliishi kuliko mumewe. Haruo Shirane, mtaalamu wa fasihi ya Kijapani, aliutoa mfano huo katika insha yake ya mwaka 2000 kwenye jarida la Modern Haiku, akiwakumbusha waandishi wa Kiingereza kwamba Bashō na Buson walibuni, walirekebisha, waliazima kutoka kwenye mashairi ya kale bila aibu yoyote. Insha ile iliwatikisa watu wengi.

Kwa hiyo uongo uko wapi? Baridi ya Buson ni ya kweli kwa mtu yeyote aliyewahi kukanyaga kitu gizani. Ninachokataa ni kipande kilichochomekwa ili mwandishi aonekane mwerevu. Huo ujanja unaujua haraka: ukisoma shairi unamfikiria mwandishi, humfikirii mama.

---

Binti_Mkato:

Naomba niongeze upande ambao haujaguswa. Mnazungumza kana kwamba lazima kuna picha A, mkato, picha B. Haiku nyingi za Kiingereza za sasa, hasa za mstari mmoja, hazifanyi hivyo. Mshairi Mmarekani Marlene Mountain na wenzake walianza kuziandika kwa bidii miaka ya 1970, na leo utazikuta kwenye majarida kama Frogpond na Modern Haiku, kila mahali. Mwaka 2004 Richard Gilbert alichapisha kwenye hiyo hiyo Modern Haiku insha ndefu akisema kuweka picha mbili kando kwa kando hakutoshi kueleza kinachotokea katika haiku ya Kiingereza ya sasa. Mkatiko unaweza kuwa ndani ya sentensi yenyewe. Unasoma, unadhani umeelewa, sarufi inakuteleza, unarudi kusoma upya.

Nimejaribu mmoja wa haraka muone ninachosema:

usiku wa mvua nasahau jina lake linavuja paani

Mnaona? "Jina lake" linafunga sentensi ya kwanza na kufungua ya pili. Nasahau jina lake. Jina lake linavuja paani. Hakuna kistari kinachokuambia usimame wapi, kwa hiyo mgongano unautengeneza wewe msomaji kwa kukosea kwanza. Mvua na kusahau haviko mbali sana, nakubali, lakini jina linalovuja hukulitarajia, na limetoka kwenye kiunganisho, halikuletwa kutoka nje.

Ila nikuonye, Kalamu, ni rahisi mno kuandika hovyo kwa namna hii. Ukiondoa alama zote chochote kinaonekana kina siri.

---

Mzee_wa_Vina:

Binti, hiyo ya jina kuvuja nimeipenda na inaniudhi kwamba nimeipenda. Kwetu mshororo una ukwapi na utao, mkato katikati unauona kwa macho. Huu wako umeuficha kama mwizi.

---

Kalamu_Fupi:

Jamani asanteni. Nimeacha kila kitu nikakaa na kitana. Nimefuata agizo, mistari miwili ya nywele sijaigusa, nimebadilisha wa kwanza tu. Niliandika mingi, hii mitatu ndiyo iliyobaki hai:

(a)
siku ya uchaguzi—
nywele za mama
kwenye kitana

(b)
harufu ya rangi mbichi—
nywele za mama
kwenye kitana

(c)
siku zinarefuka—
nywele za mama
kwenye kitana

Katika (c) nimechukua ile hali ya mwanga kuongezeka baridi inapokaribia kuisha, naona majarida ya Kiingereza yanaipokea kama neno la msimu. Mimi moyo wangu uko kwa (a) kwa sababu ndiyo iko mbali zaidi. Semeni.

---

Msafiri_Taratibu:

Bado nina kinyongo na kutunga mezani, lakini (b) imenipata. Nani anapaka rangi? Wanampakia mama chumba akirudi nyumbani, au wanamfuta? Sijui, na sitaki kuambiwa.

---

Kereng'ende:

Naona umefanya kazi. Nianze na unayoipenda ili nikuudhi mapema.

(a) iko mbali, kweli, na mara ya kwanza nilisimama. Mara ya pili nikaanza kuhesabu: kura zinahesabiwa, nywele zinahesabiwa. Halafu nikawaza kama mama bado ana nguvu za kwenda kupiga kura. Hilo la pili ni zuri. Hilo la kwanza linaliharibu, maana linanuka ujanja, na kwa bahati mbaya ndilo linalofika mbele. Fanya jaribio la kubadilisha: weka "siku ya harusi", weka "siku ya mtihani". Vyote vinakaa, vyote vinasema "siku kubwa, na huku nyumbani kuna hili". Kwa hiyo uchaguzi haukuchaguliwa, samahani kwa maneno.

(b) Msafiri kaisema vizuri. Ina hadithi. Kinachonipendeza ni kwamba ni harufu, si kitu cha kuonekana, kwa hiyo pua na macho vinafanya kazi kila kimoja kivyake. Na rangi mbichi ni ya mwanzo, kitana ni cha mwisho, bila mtu kusema mwanzo wala mwisho. Jaribu kubadilisha: harufu ya mkate? Inakuwa tamu, inakufa. Harufu ya dawa? Umerudi hospitali kwenye fomula. Rangi inakaa.

(c) Mimi nachagua hii, tena bila kusita. Ni mstari wa msimu, kwa hiyo ina sura ya fomula niliyoilaani pale juu, lakini inaipindua. Fomula inataka msimu uomboleze pamoja nasi: mama anaugua, basi na majani yaanguke. Hapa msimu haujali. Mwanga unaongezeka kila jioni, kuna dakika nyingi zaidi za kuona kilicho kwenye kitana, na dakika hizo si zawadi. Kisha kuna urefu: siku zinarefuka, nywele hazitarefuka. Hilo hukuliandika, nimelikuta. Ningesoma hii kwenye rundo ningeipitisha.

Jambo moja ulikumbuke: mstari huo unategemea msomaji aliye mahali ambapo siku hurefuka kwa kuonekana, na mwezi gani inatokea inategemea uko upande gani wa dunia. Mwaustralia anayeandika "Desemba" anamaanisha joto. Mhariri wa Kiingereza hatakuuliza, ila wewe ujue umechagua.

---

Binti_Mkato:

Napingana na dada kwa heshima zote. (c) ni nzuri lakini ukiisoma unasikia mlango wa haiku ukifunguka, unajua umeingia wapi. (b) haina sauti hiyo. Ningekuwa mhariri ningechukua (b) nikamrudishia (c) na barua nzuri.

---

Kereng'ende:

Na ndiyo maana majarida ni mengi. Kalamu, tuma (b) kwa mmoja na (c) kwa mwingine? Hapana, usifanye hivyo, mistari miwili ni ile ile, wakizichapisha zote utaonekana huna kingine cha kusema. Chagua moja.

---

Kalamu_Fupi:

Nimechagua (b). Samahani dada. (c) nimeiona ni bora kila nilipokuwa nasoma maelezo yako, na (b) kila nilipoisoma yenyewe.

Swali dogo la mwisho: kistari nikiache mwisho wa mstari wa kwanza, niweke nukta tatu, au niondoe kila kitu?

---

Kereng'ende:

Umechagua kwa sababu nzuri kuliko zangu.

Nukta tatu hapana, zinapumua kwa huzuni kwa niaba ya msomaji. Kwa Kijapani kuna vijineno vya kukatia kama ya na kana, kwa Kiingereza hatuna, kwa hiyo kistari kinafanya kazi hiyo pale ambapo bila chenyewe mtu angeunganisha mistari kimakosa. Kwako hawezi kuunganisha: "harufu ya rangi mbichi" na "nywele za mama" zinaachana zenyewe mtu anaposhuka mstari. Kiondoe.

---

Binti_Mkato:

Hapo tumekubaliana. Kiondoe, na herufi kubwa usiweke.

---

Mzee_wa_Vina:

Na kifaru mmemwacha wapi? Nilishaanza kumzoea.

---

Kalamu_Fupi:

Kifaru na fomu ya kodi nimewatenganisha, mzee. Mwezi nimeufuta kabisa. Fomu ya kodi iko kwenye daftari inasubiri mwenzake.